Unamfuata kiongozi wako wa kiroho. Umewahi kumwona akiwa mbali na kipaza sauti?

Mwalimu_wa_Kipaimara (Kisumu), mwanzisha uzi:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nina jambo linanisumbua na nimeona nililete hapa tulijadili kwa utulivu, maana humu kuna wazee wa kanisa, wachungaji, vijana, na wale waliochoka na kanisa lakini bado wanampenda Yesu. Wote nawahitaji.

Nafundisha darasa la kipaimara hapa Kisumu. Mwaka huu nina kijana wa miaka 14 ambaye nikimwomba afunge kipindi kwa sala, sauti yake hubadilika kabisa. Anakwaruza koo, anavuta maneno, anatembea huku na huku, anajifuta uso kwa leso hata kama hana jasho. Nilimtambua anayemwiga kabla hajafika katikati ya sala. Ni mhubiri wa runinga ambaye kijana huyu hajawahi kukutana naye, anamwona tu kwenye simu ya dada yake. Sikumkemea. Mtoto huiga anachokiona. Lakini nilipomuuliza mhubiri huyo anaishi vipi na majirani zake, anawalipa vipi wanaomfanyia kazi, anafanya nini akikasirika, alinitazama tu. Angejulia wapi? Ameiga kile ambacho kamera imemwonyesha.

Na sisi watu wazima je? Wengi wetu tunamjua kiongozi wetu kwa umbali ule ule. Kipaza sauti kikizimwa, hatuna tena habari naye mpaka Jumapili ijayo.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo" (1 Wakorintho 11:1). Mstari huu tunausikia sana siku ya kumsimika kiongozi. Lakini angalieni aliwaandikia watu gani. Alikuwa amekaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11). Alikaa kwa Akila na Prisila akishona mahema pamoja nao, na kila sabato akahojiana na watu katika sinagogi. Waliosomewa barua ile walikuwa wamemwona akiwa na njaa, akiwa na uchovu, akidai ujira wa kazi ya mikono yake. Walijua anaongea nini mteja akichelewa kulipa. Mtu wa namna hiyo akikwambia mnifuate, unaelewa anakuelekeza wapi.

Angalieni pia kinachotangulia mstari huo. Kuanzia sura ya 8 hadi ya 10 Paulo anazungumzia nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu: nani anaweza kula, na dhamiri ya nani itaumia akimwona mwenzake anakula. Katikati anataja haki zake. Ana haki ya kula na kunywa, ana haki ya kuwa na mke, ana haki ya kula riziki yake kwa kazi ya Injili, na hizo haki ameziacha kwa ajili ya wengine. Anafunga sura ya 10 akisema hatafuti faida yake mwenyewe, bali faida yao walio wengi, wapate kuokolewa. Hapo ndipo anasema mnifuate. Waliokuja kuigawa Biblia kwa sura, karne nyingi baadaye, waliuweka mstari huo kichwani mwa sura ya 11, nasi tunausoma kana kwamba unaanzisha jambo jipya, na kumbe unamalizia lile la nyama. Anachotaka waige ni kuiacha haki yako ili ndugu aliye dhaifu asijikwae. Mtindo wake wa kuhubiri haumo kabisa. Tena ukisoma barua ya pili, 10:10, utaona kulikuwa na watu Korintho waliosema nyaraka zake ni nzito lakini akisimama mbele ya watu maneno yake si kitu. Kwa hiyo hata wangetaka kumwiga jukwaani, wengine waliona hakuna cha kuiga.

Mimi mtu niliyemfuata ni mama mmoja wa kanisa letu, sasa ni marehemu, aliyekuwa akiuza omena na maharagwe soko la Kibuye. Nilikuwa msichana wa shule nikienda kumsaidia wakati wa likizo. Wanaojua soko wanajua ile hila ya gorogoro: mkebe ukigongwa kitako kikaingia ndani, kila kipimo kinampunja mnunuzi karibu kiganja kizima, na kwa juu huoni kitu. Mkebe wa mama yule ulipobonyea aliutoa sokoni akaenda kupandia dania nyumbani, akanunua mwingine. Hakuna siku alinikalisha chini kunifundisha somo la uaminifu. Alinipa gorogoro, akaniambia mpimie huyo, akasimama pembeni. Nikipima bila kilele, alinyoosha mkono akaongeza mwenyewe na kuendelea kuongea na mteja.

Siku moja alimkaripia mwenzake waliyegombania nafasi ya kutandaza bidhaa, akamtolea neno baya mbele ya watu. Kesho yake, hata hatujafungua magunia, alinichukua tukaenda mpaka kibanda cha yule mama. Aliomba msamaha kwa sauti ile ile aliyomtukania, wachuuzi wa jirani wakisikia. Mpaka leo nikikosana na mtu, njia ninayoijua ya kurudi kwake ni ile niliyopelekwa asubuhi hiyo.

Sasa nauliza. Wewe unayesoma hapa, nani umemwona hivyo, karibu, akipima na akikosea na akitubu? Na kama wewe ni kiongozi, wa kwaya, wa vijana, wa jumuiya, wa kanisa zima, ni nani ameruhusiwa kukuona wewe?


Lanet_Kwetu (Nakuru):

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, lakini hapa nitakupinga.

Kanisa nililokuwa nikishiriki hapa Nakuru lilikuwa na mchungaji wa karibu sana. Alikuja nyumbani kwetu bila hodi, alikula ugali wetu, alijua matatizo ya kila familia. Vijana walimwiga mpaka namna ya kuvaa. Kisha akaomba kukopeshwa akiba ya kikundi cha vijana, pesa walizoweka miaka miwili kwa ajili ya kununua pikipiki mbili za biashara. Akasema ni ya muda mfupi. Alihama na pesa hazijarudi. Wale vijana, zaidi ya nusu yao hawaendi kanisa lolote sasa. Huo ukaribu unaousifu ndio alioutumia.

Na sisi Wakenya tumeshaona mwisho wa njia hii. Shakahola kule Kilifi mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliomfuata mtu mmoja msituni. Walimwamini. Walimwiga. Walifunga kula kwa sababu waliambiwa wafunge.

Kwa hiyo mimi nimeamua namfuata Yesu peke yake. Nasoma Biblia yangu, mchungaji namsikiliza kwa adabu, na hapo yanaishia. Mtu ni mtu.


Mwalimu_wa_Kipaimara:

Kaka wa Lanet, pole sana. Pesa ya vijana ni jasho, na imani yao ilikuwa changa. Sitakuambia uwasahau au umsamehe haraka ili mjadala wangu uende vizuri.

Lakini naomba nikuulize kitu. Yeye alikuwa karibu nanyi. Ninyi mlikuwa karibu naye? Aliingia nyumba zenu zote bila hodi. Nani kati yenu aliingia yake? Alijua madeni ya kila familia. Nani alijua yake? Nadhani hapo ndipo tunapodanganyika. Mtu anayezijua siri zetu zote tunamhesabu kuwa wa karibu, kumbe sisi kwake hatujui hata anapoamkia. Paulo alipowaaga wazee wa Efeso, baada ya miaka mitatu kwao, aliwaonyesha mikono yake, akasema ninyi wenyewe mnajua mikono hii imetumika kwa mahitaji yangu na ya wale waliokuwa pamoja nami (Matendo 20). Wathesalonike aliwaambia alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu wa kwao, na akaeleza kwa nini: alikuwa na haki ya kutunzwa, ila alitaka kuwapa kielelezo cha kufuata. Na ule mchango wa kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alipanga ndugu wengine waambatane nao, waliochaguliwa na makanisa, akasema wazi kwamba anajiepusha mtu asije akamlaumu kwa habari ya fedha hizo (2 Wakorintho 8). Mtume mwenyewe anakubali kuhesabiwa. Kwenu nani alimhesabia mchungaji?

Kuhusu kumfuata Yesu peke yake, nakuelewa, na Paulo angekuunga mkono nusu ya njia. Kuna waliosema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, akawajibu kwa ukali: "Je! Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu?" Ni barua ile ile yenye mnifuate mimi. Kwa hiyo kumwiga mtu kuna mpaka, na mpaka huo ni Kristo. Akiuvuka, humfuati tena, hata awe mkubwa kiasi gani. Petro alipokuwa Antiokia alijitenga na watu wa Mataifa asile nao, kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa. Hakuna aliyewaambia wamwige. Walimwona ameondoka mezani, wakaondoka. Paulo akampinga mbele ya wote (Wagalatia 2).

Ndiyo maana siamini kama unaweza kuchagua kutomwiga mtu yeyote. Utaiga tu, kwa kujua au bila kujua. Ulichonacho ni kuchagua nani, na kuwa na zaidi ya mmoja. Wale wa Shakahola waliacha jamaa, wakaacha kazi, wakatoa watoto shuleni. Sauti ikabaki moja. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka anawasifu kwa hilo.


Mzee_wa_Vihiga:

Watoto wangu, hamjambo. Nimekaa nasoma, nikaona niongeze la zamani kidogo.

Nimezaliwa katika nyumba ya ndugu wa uamsho. Ule uamsho ulianzia Rwanda, Gahini, ukapita Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, na haukuchukua muda ukawa umeshika Maseno na vijiji vya huku. Nikiwa mdogo, ushirika ulikaa kwetu sebuleni jioni. Hapakuwa na mimbari. Mchungaji alikaa kwenye benchi moja na mpishi wa shule, na kila mmoja, mchungaji akiwemo, alisema amejikwaa wapi wiki hiyo. Waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Baba yangu alitoka ushirikani usiku mmoja, na asubuhi akabeba jembe begani akatembea mpaka Bunyore kulirudisha kwa mtu aliyekuwa ameliazima na kukaa nalo mpaka mwenyewe akaacha kuuliza. Alinipitisha shambani nimwone anakwenda. Nadhani alifanya kusudi.

Mwalimu, wewe ulipelekwa kibandani, mimi nilisimama shambani. Ninalotaka kusema ni kwamba katika ushirika ule kiongozi alitangulia kuungama. Hakuwauliza wengine kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa uongozi wake, na watu wakawa hawaogopi.

Lakini nitakuwa mwongo nisiposema upande wa pili. Baadaye kuiga kuligeuka kuwa kupimana. Huyu anasalimia namna yetu, huyu hasalimii. Huyu ushuhuda wake una maneno yale, huyu hauna, basi bado hajavunjika. Huku Nyanza ugomvi kuhusu ushirika na mwenendo wake ulisaidia kulipasua kanisa la Anglikana, na mwaka 1957 wakatoka wale wa Johera, yaani watu wa upendo kwa Kijaluo, wakiongozwa na Mathew Ajuoga, wakaanzisha Kanisa la Kristo Afrika. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema nilikuwa mtoto nikaona watu walioshirikiana sahani moja wakipitana njiani bila salamu, na kila upande ukiamini unafuata mfano mwema.

Tena kuna neno katika Waebrania 13:7, tuwakumbuke waliotuongoza, tukiuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao, "iigeni imani yao." Mnaona ni mwisho unaochunguzwa. Nikisoma hapo namkumbuka Askofu Alexander Muge wa Anglikana, Eldoret. Mwaka 1990 waziri mmoja alisema hadharani kwamba Muge akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti alipokuwa akirudi akafa katika ajali ya barabarani. Nchi nzima ililalamika, na waziri yule akajiuzulu. Mimi sikuwahi kuzungumza na askofu yule hata mara moja. Lakini kwa hilo moja najua nini cha kuiga kwake: alikuwa na kondoo Busia, akaenda kuwaona.


Dada_wa_Bungoma:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki na uzi huu umenigusa kwa sababu ya wasimamizi wa ubatizo na kipaimara.

Kwetu kwa kawaida mtoto hapewi sakramenti hizo bila msimamizi, mtu mzima katika imani anayeahidi kumwongoza. Sasa nendeni mwone tunavyowachagua. Tunatafuta mwenye gari. Tunatafuta atakayenunua suti na viatu na keki. Mwanangu mkubwa alipofika kipaimara, ndugu zangu walitaja majina matano, na wote watano hawaonekani jumuiyani hata wakati wa Kwaresima. Nilimchagua jirani yetu, mjane anayefua nguo za watu. Kulikuwa na manung'uniko mpaka siku yenyewe. Leo mwanangu akiwa na shida kazini, kabla hajanipigia mimi mama yake, ameshampigia huyo mama, na akija likizo anakwenda kumchotea maji.

Mzee ametaja askofu wao, nami nitaje wetu. Kardinali Maurice Otunga alizaliwa Chebukwa hapa Bungoma mwaka 1923, mtoto wa chifu. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1973. Angeweza kuishi kama mwana wa mfalme na nani angemuuliza? Alipostaafu alikwenda kukaa katika nyumba ya wazee maskini inayotunzwa na masista Nairobi, akiishi miongoni mwao. Alifariki mwaka 2003 na kanisa limeanza safari ya kumchunguza kama anafaa kutangazwa mtakatifu. Mimi naona uchunguzi huo ni jambo jema kwa hoja ya mwalimu: kabla hatujaambiwa tumwige, watu wanaulizwa, waliokaa naye wanahojiwa, maandishi yake yanasomwa. Hata wanaompinga wanasikilizwa.


Kijana_Kondele:

Habari zenu wakubwa. Mimi nina miaka 24, nimechaguliwa mwenyekiti wa vijana mwezi uliopita, na tangu nianze kusoma uzi huu naona kama nijiuzulu. Mimi bado nina hasira za haraka. Bado kuna mambo ya simu yangu sitaki mtu aone. Nitawezaje kusimama mbele ya wenzangu niseme mnifuate mimi? Mwalimu, naomba jibu la ukweli.


Mwalimu_wa_Kipaimara:

Mdogo wangu, usijiuzulu.

Fungua Wafilipi 3. Mstari wa 17 Paulo anasema, ndugu zangu, mnifuate mimi. Sasa panda juu mistari mitano tu, mstari wa 12: "Si kwamba nimekwisha kufika, au nimekwisha kuwa mkamilifu, la! bali nakaza mwendo." Mtu yule yule, ukurasa ule ule. Anachowaomba wakiige ni huko kukaza mwendo. Vijana wako hawahitaji mtu aliyefika. Wanamhitaji mtu ambaye wanaweza kuona anatoka wapi na anaelekea wapi, na anafanya nini akianguka katikati.

La simu yako, usililete mbele ya kikundi. Tafuta mwanamume mmoja aliyekomaa, ambaye umeona maisha yake, mwambie yeye yote bila kupunguza, na mpe ruhusa akuulize kila wiki. Kama una mambo ambayo hakuna mtu hata mmoja anayeyajua, hayo yatakukulia.

La hasira, anza pale pale. Ukimfokea mtu kwenye mazoezi ya kwaya, omba msamaha kwenye mazoezi ya kwaya, usimfuate nyuma ya kanisa.

Nikuambie na tunachofanya sisi darasani, labda kitakufaa. Tunakusanya mchango mdogo kwa ajili ya kutembelea wagonjwa. Mtoto mmoja anahesabu, mwingine anaandika kwenye daftari, wa tatu anasaini. Pesa ikitumwa kwa simu, ujumbe wa M-Pesa unasomwa kwa sauti mpaka salio. Daftari linakaa juu ya meza na mzazi yeyote anaweza kulifungua. Mwanzoni waliona ni kazi bure kwa pesa kidogo hivyo. Sasa ukijaribu kuruka hatua wao ndio wanakusimamisha. Na wakati wa matanga hatuendi saa ya hotuba. Tunakwenda siku iliyotangulia, kuchota maji, kupanga viti, kusugua sufuria. Vijana wanaona ni kiongozi gani anafika hema likisimamishwa, na ni nani anafika wakati kipaza sauti kiko tayari. Hawasemi lakini wanaona.


Mchungaji_wa_Mashinani (Kakamega):

Nimefuatilia kimya siku mbili. Niongee kwa niaba ya wachungaji, kwa sababu tumesemwa, na mengi ni kweli.

Mnajua kwa nini tunajificha? Tunaogopa. Nikimkaribisha mshirika aione nyumba yangu ilivyo Jumanne, ataona mke wangu amechoka, ataona nadaiwa dukani, na Jumapili nitasimama mbele yake nikihubiri juu ya tumaini. Wengine wataiheshimu hali hiyo. Wengine wataipeleka sokoni. Nimeona mwenzangu akiondolewa kanisani kwa sababu alimwambia mzee mmoja kwamba ana msongo wa mawazo na halali usiku. Mkitaka tuwe wazi, mjue kuwa nanyi mna sehemu yenu.

La pili ni onyo, na naomba msilipite. Ukaribu na watoto na vijana usiwe wa faragha. Kumfunza mtoto kwa maisha yako hakuna haja ya kubaki naye peke yako ndani ya nyumba iliyofungwa. Sokoni Kibuye ni mahali pa wazi. Sebule ya ushirika ilijaa watu. Kiongozi anayesema "hii ni siri yetu" kwa mtoto, huyo apelekwe kwa wazazi wa mtoto na polisi, siyo kwa kamati ya maombi. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mashtaka juu ya mzee yapokelewe kwa mashahidi wawili au watatu, na wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Mara nyingi tunashika nusu ya kwanza tu.

Na kwako kijana wa Kondele: Yohana Marko aliwaacha akina Paulo njiani Pamfilia akarudi. Safari ya pili Paulo alikataa kabisa kwenda naye, mpaka wakatengana na Barnaba kwa ajili yake. Barnaba akamchukua akasafiri naye Kipro. Miaka ikapita, na Paulo akiwa gerezani anamwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi." Kuna mtu alikaa na Marko kipindi chote hicho ambacho Matendo hakituelezi. Mimi nina Barnaba wangu, mchungaji mstaafu, nakwenda kwake na baiskeli kila mwezi. Bila yeye ningeshaacha huduma.


Lanet_Kwetu:

Mchungaji, nimesikia. Mwalimu, lile swali lako la kwamba sisi tulikuwa karibu naye au la, nimelala nalo. Jibu ni hapana. Hatukujua hata kwao ni wapi. Tulipotaka kumtafuta ndipo tukagundua hakuna anayejua.

Sijarudi bado kwenye kumwamini mchungaji. Lakini kuna wale vijana. Watatu bado wananisalimia wakipita dukani kwangu. Mzee wa Vihiga, ungekuwa mimi ungefanya nini?


Mzee_wa_Vihiga:

Ningewaita, mwanangu. Siyo kanisani, waite dukani. Waambie kwamba wewe ulikuwa mtu mzima kwenye kikundi kile, na watu wazima hawakuuliza maswali. Sema hivyo kwanza kabla hujawaambia jambo lingine lolote. Kisha wasikilize. Usiwape mstari siku hiyo. Wakirudi tena, wafungulie daftari lako la duka, wakuone unavyowakopesha watu na unavyowadai.


Lanet_Kwetu:

Nitawaita Jumamosi. Asante, mzee.


Kijana_Kondele:

Mwalimu, nimeghairi kujiuzulu. Naweza kuja na wenzangu wawili wa kamati tuone hilo daftari lenu linavyoandikwa? Sisi pesa za kikundi ziko kwenye simu ya mweka hazina peke yake.


Mwalimu_wa_Kipaimara:

Karibuni sana. Darasa ni Jumamosi saa nne asubuhi, na tukimaliza tunakwenda kumwona mgonjwa Nyalenda, kwa hiyo vaeni viatu vya kutembea. Mje na mweka hazina wenu pia, asije akasikia kwa watu kwamba mnamshuku. Watoto ndio watakaowaonyesha, mimi nitakaa nyuma.